SAHANI YA SHILINGI TANO: NANI ANAKULA, NANI ANABAKI NJE YA GETI?



Katika nyumba nyingi za Mathare, asubuhi huanza na hesabu. Mama anaenda kufua nguo za watu Eastleigh ama Pangani. Baba anatafuta kibarua cha mjengo. Mchana hakutakuwa na mtu wa kuwasha jiko. Watoto wameondoka na strungi na kipande cha mkate, na ikifika saa nne hiyo chai imeisha nguvu. Mwalimu anaandika ubaoni, lakini mtoto wa nyuma ameinamisha kichwa kwenye dawati. Mwalimu akidhani huyu ni mvivu, amekosea. Mtoto ana njaa, basi.

Ndiyo sababu habari ya chakula cha shule kwa shilingi tano ilipokelewa kwa furaha kubwa jijini mwaka 2023. Lakini tangu hapo wazazi wa bondeni wamebaki na maswali. Chakula hiki ni cha nani? Mbona shule ile inapata na hii haipati? Serikali ya kaunti ni moja, watoto ni wa ploti moja, sasa tofauti iko wapi? Katika toleo hili tunajaribu kueleza jambo hili polepole, kisha tuone la kufanya.

NYUMBA MOJA, WATOTO WAWILI

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja anakaa Mashimoni na ana watoto wawili. Mkubwa alipata nafasi katika shule ya msingi ya umma kule juu, upande wa Juja Road. Mdogo hakupata, kwa sababu darasa lilikuwa limejaa, na pia ni mdogo mno kuvuka barabara peke yake. Huyu akaandikishwa katika shule ya mtaa, ile ya mabati iliyo nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka nyumbani.

Saa sita na dakika arobaini kengele inalia shule zote mbili. Mkubwa ananyoosha mkono wenye bangili, anapewa sahani ya wali na ndengu. Mamake amelipa shilingi tano. Mdogo anatoa sahani yake ya plastiki kwenye mkoba. Kama mama alilipa pesa ya chakula wiki hii, atapewa githeri. Kama hakulipa, inategemea moyo wa mwalimu na wingi wa kilichopikwa.

Jioni wawili hawa wanakutana kwenye kitanda kimoja. Mmoja alikula, mwingine hajui kama kesho atakula. Kosa la mdogo ni lipi? Ni geti alilopitia asubuhi.

DISHI NA COUNTY NI KITU GANI?

Mwezi wa Juni 2023, Serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilizindua mpango unaoitwa Dishi na County. Dishi, kama kila kijana wa Eastlands anavyojua, ni chakula. Rais William Ruto alifika Roysambu kwenye uzinduzi wa ujenzi wa majiko. Mpango ulianza na majiko 10 makubwa, na baadaye yakaongezwa hadi 17. Kwa hesabu ya kaunti yenyewe, idadi ya watoto wanaokula kila siku ya shule imepita 300,000.

Kaunti haifanyi kazi hii peke yake. Inashirikiana na shirika la Food4Education, lililoanzishwa mwaka 2012 na Wawira Njiru. Huyu dada alikuwa mwanafunzi huko Australia. Akapika chakula cha Kikenya, akaalika watu, akakusanya pesa kidogo, na pesa hizo zikaanza kulisha watoto 25 huko Ruiru. Tunataja habari hii makusudi. Mtu asidharau sufuria ndogo. Majiko yanayolisha maelfu leo yalianza na watoto ambao wangetosha kwenye chumba kimoja cha Sunday School.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

Kwanza, chakula hakipikwi kila shule. Kinapikwa kwenye jiko moja kubwa, usiku na alfajiri, halafu kinatiwa kwenye vyombo vinavyotunza moto na kupelekwa kwa magari hadi shule nyingi. Jiko moja linahudumia maelfu ya watoto.

Pili, mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani. Hiyo si bei ya chakula. Sahani hugharimu takriban shilingi 30, na sehemu kubwa inayobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Kwa hivyo mtu asiseme ati ni chakula cha bure. Mzazi amechanga, na kodi tunayolipa tukinunua sukari, sabuni na salio la simu pia ni mchango.

Tatu, pesa haziendi shuleni mkononi mwa mtoto. Mzazi hulipa kwa M-Pesa, na mtoto huvaa bangili yenye kifaa kidogo ndani. Akifika kwenye foleni anagusisha bangili kwenye mashine, mashine inahesabu sahani moja. Njia hii ina faida mbili. Pesa hazipotei njiani, na mtoto aliyelipiwa na msamaria hafahamiki na wenzake. Bangili zote zinafanana.

Shilingi 5 kwa siku ni shilingi 25 kwa wiki ya shule. Kwa muhula wa wiki 13 ni shilingi 325. Mama mboga anaweza kupanga pesa hiyo, hata wakati ambapo biashara imelala.

TUMETOKA WAPI

Chakula cha shule si jambo jipya Kenya. Wale tuliozaliwa zamani kidogo tunakumbuka Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979 wakati wa Rais Daniel arap Moi, yale ya pakiti za pembe tatu. Wengine wetu tulikwenda shule kwa ajili ya hayo maziwa kwanza, masomo baadaye! Maziwa hayo yalififia na kuisha miaka ya 1990.

Mwaka 1980 serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, walianza kulisha watoto wa shule katika sehemu kavu za nchi. Miaka iliyofuata, baadhi ya shule za vitongoji vya Nairobi pia zilipata mahindi, maharagwe na mafuta kwa njia hiyo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wake wa kununua chakula hapa hapa nchini kwa wakulima, na mwaka 2018 WFP ilimaliza kukabidhi kazi yote kwa serikali.

Katikati ya hayo, Januari 2003, elimu ya msingi ilifanywa bure. Watoto wakafurika katika shule za umma. Madarasa yaliyojengwa kwa watoto 40 au 50 yakabeba idadi mara mbili. Watu mtaani wakaongezeka, lakini shule za umma hazikuongezeka kwa mwendo huo.

Halafu ikaja korona. Shule zilipofungwa Machi 2020, kila mtu alizungumza juu ya masomo yaliyopotea. Wenye watoto bondeni walijua kwamba kuna kingine kimepotea: kile chakula cha mchana. Kwa watoto wengine hicho ndicho kilikuwa chakula cha uhakika cha siku nzima. Ndipo wengi tulipoelewa kwamba jiko la shule si nyongeza ya elimu. Likizimwa, nyumba nzima inayumba.

KWA NINI SHULE ZA MTAA ZILIBAKI NJE?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, kwenye eneo la kama kilomita tatu mraba tu. Shule za umma zipo, kama Kiboro na Valley Bridge, lakini nyingi ziko pembeni, kando ya barabara kubwa, na haziwezi kubeba watoto wote. Katikati ya vijiji, kutoka Mlango Kubwa hadi Kosovo, 4A na kule Huruma, kazi ya kufundisha imebebwa na shule za mtaa. Nyingine ni za makanisa, nyingine za vikundi vya wazazi, nyingine ni za mwalimu mmoja aliyeanza na watoto kumi katika chumba cha kukodi. Serikali inaziita shule za APBET. Sisi tunaziita tu shule zetu.

Dishi na County ulipoanza, ulilenga shule za msingi za umma na vituo vya chekechea vya kaunti. Sababu za kuacha nje shule za mtaa zinaeleweka, hata kama haziridhishi.

Ya kwanza ni sheria ya mgawanyo wa kazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto wadogo. Shule za msingi ni za serikali ya taifa. Kaunti ikitaka kulisha watoto wa shule ya msingi, hata ya umma, lazima ipatane kwanza na serikali ya taifa.

Ya pili ni hesabu. Pesa za umma zikienda katika shule ambayo mwenyewe ni mtu binafsi ama kanisa, mkaguzi atauliza: nani alipokea? Kwa sheria gani? Watoto ni wangapi, na nani aliwahesabu?

Ya tatu ni usajili. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kusajili shule za APBET, lakini shule nyingi hazijamaliza safari hiyo. Nyingine hazina karatasi za kiwanja, na Mathare nani ana karatasi za kiwanja? Shule isiyokuwa kwenye orodha ya serikali haionekani kwa mtu anayepanga bajeti City Hall.

Ya nne ni njia. Gari la chakula linafika Juja Road bila shida, lakini haliwezi kushuka kwenye vichochoro vya Mabatini. Hili ndilo dogo kuliko yote. Mikokoteni inayoshusha maji na kuni kila siku inaweza kushusha sufuria pia.

HESABU YA SUFURIA YETU

Watu wengine husema, kama kaunti hailishi shule za mtaa, basi wenye shule wapike wenyewe. Wanapika! Lakini tuangalie hesabu.

Chukua shule ya mtaa yenye watoto 150. Kama ingeweza kutoa sahani kwa shilingi 30, ile bei ya jiko kubwa, ingehitaji shilingi 4,500 kwa siku, yaani 22,500 kwa wiki. Wazazi wakilipa shilingi 5 kila mmoja, zinapatikana shilingi 750 kwa siku. Pengo ni shilingi 3,750 kila siku, 18,750 kila wiki. Kwa muhula wa wiki 13 pengo hilo ni shilingi 243,750. Sadaka ya kanisa gani la mtaa itajaza shimo hilo?

Na kwa kweli sufuria ndogo haiwezi kufikia hiyo bei ya shilingi 30. Jiko kubwa hununua mchele na ndengu kwa tani, linatumia moto mmoja, na wapishi wachache wanahudumia maelfu. Shule ya mtaa hununua mahindi kwa gorogoro, makaa kwa mkebe na maji kwa mtungi. Maskini hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei ghali zaidi.

Sasa rudi kwa yule mama wa Mashimoni. Kwa mtoto wa shule ya umma anatoa shilingi 25 kwa wiki. Shule ya mtaa ikitoza shilingi 30 kwa sahani ili isipate hasara, kwa mtoto wa pili anatoa 150. Mama ni yule yule, mfuko ni ule ule. Mtoto aliyekosa nafasi katika shule ya serikali ndiye anayelipa mara sita.

Kwa hivyo ombi letu kwa kaunti si kwamba ijenge majiko mengine Mathare nzima. Majiko yapo tayari. Sehemu ngumu na ya gharama, yaani jengo, sufuria kubwa, wapishi na magari, imeshalipiwa. Kinachobaki ni kuongeza idadi ya sahani na kuweka kituo cha kupokelea chakula. Kwa mfano, gari linaweza kushusha chakula cha ziada kwenye geti la shule ya umma iliyo karibu, na shule za mtaa zikatuma watu wazima wawili na mkokoteni.

SHERIA IKO UPANDE WA MTOTO

Tusizungumze kama watu wanaoomba msaada tu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe. Hakisemi mtoto wa shule ya umma. Kinasema kila mtoto.

Wenzetu wa India walipitia njia hii. Jimbo la Tamil Nadu lilipanua chakula cha shule kwa kiwango kikubwa mwaka 1982. Wengi nchini humo walisema jambo hilo haliwezekani kwa nchi maskini. Lakini tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamuru watoto wa shule za msingi za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali wapewe chakula kilichopikwa, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Hapo kuna fundisho. Shule ambazo si mali ya serikali hazikufungiwa nje zote. Walitafuta njia ya kuziorodhesha na kuzikagua, halafu watoto wakala.

Kwetu sisi mlango ulio wazi zaidi ni wa watoto wadogo. Mtoto wa PP1 na PP2 ni jukumu la kaunti kwa maneno ya Katiba yenyewe. Hata watoto walio kwa mama wa deikea wako katika orodha hiyo ya kazi za kaunti. Hapa kaunti haihitaji kungoja serikali ya taifa. Basi wenye shule za mtaa na waanze hapo: leteni chakula kwa chekechea wetu kwanza.

TUFANYE NINI?

Kama mtoto wako yuko shule ya umma:

1. Hakikisha ana bangili na umejua jinsi ya kulipia. Kama simu inakusumbua, muulize mwalimu ama kijana wa jirani, lakini namba yako ya siri usimpe mtu.

2. Lipa ya wiki nzima siku unayopata pesa. Shilingi 25 Jumapili jioni ni rahisi kuliko shilingi 5 Alhamisi wakati hakuna kitu.

3. Bangili ikipotea, ripoti mapema. Usingoje mtoto akae na njaa siku tatu kwa kuogopa kugombezwa.

4. Ukikosa zile shilingi tano, usimfungie mtoto nyumbani. Mwambie mwalimu ama mwakilishi wa wazazi. Vikundi vya akina mama kanisani vinaweza kuchanga kidogo kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Kwa shilingi 325 mtoto mmoja anakula muhula mzima. Ni chama gani kitashindwa?

Kama unaendesha shule ya mtaa:

1. Weka daftari. Andika kila mtoto, umri, darasa, na siku aliyokuwepo. Andika na chakula: kilonunuliwa, bei, nani alipika, watoto wangapi walikula. Daftari hilo ndilo jibu la swali la mkaguzi.

2. Anza safari ya usajili katika ofisi ya elimu. Kama shule moja haiwezi, shule tano za kijiji kimoja ziende pamoja. Zinunue chakula pamoja pia. Gunia moja la kugawana ni nafuu kuliko gorogoro hamsini za kila mtu kivyake.

3. Pika salama. Mahindi yenye ukungu usiyachukue hata ukipewa bure. Mwaka 2004 sumu ya ukungu kwenye mahindi, iitwayo aflatoksini, iliua watu 125 huko Ukambani na sehemu za karibu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Maharagwe yaloweke usiku, umwage hayo maji, kisha uyachemshe hadi yaive kabisa, maana maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Kuloweka pia kunapunguza makaa.

4. Maji ya kunawa kwanza, sahani baadaye. Mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni vitazuia kuhara ambako hula faida yote ya chakula. Watoto wapewe dawa ya minyoo wakati wa kampeni za afya, la sivyo tunalisha minyoo.

5. Ndengu ama maharagwe pamoja na wali ama mahindi ni mlo mzuri wa kujenga mwili. Ukiongeza sukuma wiki kidogo ama kipande cha chungwa, mwili unashika vizuri madini ya kuongeza damu. Chai na chakula kwa pamoja si vizuri kwa mtoto, kwa sababu majani ya chai huzuia madini hayo. Strungi ingoje.

Sisi sote:

Twende kwenye vikao vya bajeti. Huko ndiko sahani inaamuliwa. Kila mwaka kaunti huandaa mpango wa maendeleo kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia 28 Februari hutoa karatasi inayoonyesha pesa zitaelekea wapi. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti, na mwaka wa pesa huanza tarehe 1 Julai. Sheria inataka wananchi wasikilizwe. Wengi wetu huenda Juni kulia wakati mambo yamekwisha, ama hatuendi kabisa, halafu tunalalamika kwenye kibanda cha chapo.

Mathare tuna wadi sita: Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko. Kila wadi ina MCA wake. Shule za wadi moja zikikaa pamoja, ziandike karatasi ya ukurasa mmoja: shule ni hizi, watoto wa chekechea ni hawa, wa msingi ni hawa, kituo cha karibu cha kupokelea chakula ni hapa. Ipelekwe kwa MCA kabla ya Septemba, na isomwe tena kwenye kikao mwezi wa pili. Kiongozi anaweza kukwepa kelele. Ni vigumu kukwepa orodha yenye namba, hasa ikiwa wazazi mia wameisaini.

NA WATU WAZIMA WENYE SHIDA?

Njaa haiachi mtu kwa sababu amemaliza shule. Mtaani tuna wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa wanaomeza dawa kali bila chakula, na walemavu wasioweza kwenda kibarua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipobeba nyumba kando ya Mto Mathare, familia zilizokuwa zikijitegemea zilijikuta zinangoja uji wa kugawiwa.

Kwa watu hawa Nairobi haina mpango wa sahani ulio kama ule wa watoto. Kuna Inua Jamii ya serikali ya taifa, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa familia zinazolea yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa walioorodheshwa. Kama una jirani wa umri huo ambaye hajaandikishwa, mpeleke kwa chifu uandikishaji unapofunguliwa. Mengine yote huachiwa makanisa, misikiti na majirani.

Mji wa Belo Horizonte kule Brazil ulijaribu njia nyingine. Mwaka 1993 baraza la mji liliunda ofisi nzima ya chakula, na likaendesha mikahawa ya umma ambako mtu yeyote anaingia, analipa bei ndogo, anakula. Haulizwi kama ni maskini. Mwenye kibarua anakaa meza moja na asiye na kitu. Jambo hilo la heshima tulizingatie hata sisi tunapogawa githeri kwenye ua wa kanisa. Tusimpige picha mtu akipokea sahani. Tusimfanye mzee apange foleni jua kali ndiyo tuonekane tumetoa.

MWISHO

Dishi na County ni kazi nzuri, na anayeisifu hajakosea. Imeonyesha kwamba jiji letu linaweza kupika kwa maelfu, kila siku, kwa bei ambayo mama mboga anaimudu. Zamani tungeambiwa haiwezekani. Sasa hakuna anayeweza kusema hivyo tena, na ndiyo maana swali linalobaki ni dogo na zito: orodha ya watoto inaishia geti gani?

Mtoto hachagui shule. Alipokosa nafasi kule juu, hakukosa tumbo. Kwa hivyo wiki hii tunakuomba jambo moja tu. Nenda katika shule ya mtaa iliyo karibu nawe saa saba mchana, uone sufuria yao. Hesabu watoto. Uliza wanaokosa ni wangapi. Uiandike hiyo namba, uje nayo kwenye mkutano wa wazazi. Tutaanzia hapo.